Njia ya Upepo: Kutoka Tanuri la Ufipa hadi Kompyuta ya Michezo

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

  Mwalimu wa darasa ahakikishe kwamba kila mmoja anauona ukurasa huu, au ameketi karibu na mwenzake mwenye kitabu.

Somo la leo ni habari za joto na upepo. Tutaanza na tanuri la chuma la wazee wa Ufipa. Kisha tutasafiri hadi Marekani, kuona jinsi watu walivyohangaika na joto la mashine za kupiga hesabu. Mwisho tutarudi Sumbawanga, ambako kijana anacheza michezo kwa kompyuta, na kompyuta yake inachemka kama chungu. Safari ni ndefu, lakini njia ni moja, nayo ni njia ya upepo.

1. Tanuri lisilopulizwa

Uwanda wa juu wa Ufipa uko kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa. Mji wa Sumbawanga, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa, uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ni nchi ya baridi na upepo, nchi ya mahindi, maharage na ulezi.

Zamani, kabla majembe ya madukani hayajafika, Wafipa walijitengenezea chuma chao wenyewe. Walijenga tanuri refu la udongo, linalofika karibu mita 3 kwenda juu, yaani lilimpita mtu mrefu kwa mbali. Tanuri hilo waliliita ilungu, na yakiwa mengi, malungu. Chini yake waliacha matundu pande zote, na katika matundu hayo walipanga mirija ya udongo wa kuchoma. Juu palikuwa wazi. Ndani walijaza kuni, makaa na mawe yenye chuma, kisha wakawasha moto.

Sasa sikiliza jambo la ajabu. Hakuna mtu aliyepuliza moto ule. Hapakuwa na mivukuto. Hata hivyo moto uliwaka kwa nguvu mpaka joto likafika kama nyuzi 1,200 za Selsiasi. Maji huchemka pwani kwa nyuzi 100 tu, basi fikiri mwenyewe.

Nani alipuliza? Moto wenyewe. Hewa ikipata joto hutanuka na kuwa nyepesi. Ikiwa nyepesi, hupanda juu. Ikipanda, hewa baridi huingia chini kushika nafasi yake. Tanuri likiwa refu, na moto ukiwa mkali, mvuto huo huwa mkubwa sana. Wazee hawakuwa na vitabu vya elimu ya hewa, lakini walijua urefu wa tanuri, idadi ya matundu na mahali pa kuweka mirija. Walimwonyesha upepo mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea.

Unaweza kujaribu jambo hili darasani. Kata karatasi nyembamba kwa mviringo, kama nyoka aliyejikunja. Itundike kwa uzi juu ya taa ya kandili, shubiri moja au zaidi kutoka kwenye taa, isije ikashika moto. Utaona nyoka wako anazunguka polepole. Anazungushwa na hewa ya moto inayopanda.

Lakini kazi haikuisha katika ilungu. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado kimechanganyika na takataka, zile ambazo huitwa mavi ya chuma. Basi walikichukua na kukitia katika tanuri la pili, dogo na fupi, lililoitwa kintengwe. Na hapo, ndugu zangu, walitumia mivukuto.

Kwa nini tanuri refu halikutaka mivukuto, na tanuri fupi liliitaka? Kwa sababu kimo kifupi hakivuti upepo wa kutosha. Mahali ambapo upepo hauji wenyewe kwa nguvu, ni lazima mtu ausukume. Shika neno hilo vizuri. Tutalihitaji tutakapofungua kompyuta.

2. Ujuzi uliolala

Ujuzi huu ulikwenda wapi? Majembe yaliyotengenezwa viwandani yaliletwa madukani, yakawa rahisi kupatikana kuliko kuteketeza kuni nyingi na kufanya kazi siku nyingi. Kufika katikati ya karne ya 20, kuyeyusha chuma kwa malungu hakukuwa tena kazi ya kawaida katika Ufipa. Katika miaka ya 1990 mtaalamu wa mambo ya kale, Mtanzania Bertram Mapunda, alichunguza ufundi wa chuma wa kusini-magharibi ya Tanzania, na masalia ya matanuri yamesaidia kutueleza jinsi kazi ilivyofanyika.

Hatuwalaumu walionunua jembe la dukani. Jembe lilikuwa jembe, na shamba lilitaka kulimwa. Lakini kuna jambo moja la kujifunza. Watu wakianza kununua chombo bila kujua kinavyofanya kazi, baada ya kizazi kimoja au viwili hata kile walichokuwa wakikijua husahauliwa. Kisha chombo kikiharibika, mwenye chombo hana la kusema. Atalipa kila anachoambiwa alipe. Ndiyo sababu somo la leo halihusu vijana peke yao.

3. Mashine kubwa kama nyumba

Sasa twende Marekani. Mwezi wa Februari, mwaka 1946, katika mji wa Philadelphia, watu walionyeshwa mashine ya kupiga hesabu iliyoitwa ENIAC. Ilikuwa na uzito wa tani 30 hivi, ikajaza chumba kikubwa. Ndani yake mlikuwa na valvu karibu 18,000, yaani vichupa vya kioo kama vile vilivyokuwa ndani ya redio za zamani. Mtu aliyewahi kuiwasha redio ya aina hiyo anakumbuka jinsi ilivyopata moto baada ya muda.

Mashine hiyo ilitumia umeme wa wati 150,000 hivi. Balbu ya zamani ya wati 100 ikiwaka huwezi kuishika kwa mkono. Basi chukua balbu 1,500 za namna hiyo, uziwashe zote katika chumba kimoja. Bila upepo, mashine ingejiunguza yenyewe. Kwa hiyo wajenzi wake walitia vipulizi vikubwa vya kusukuma hewa ndani yake. Unaona? Tangu mwanzo, kompyuta ilikuwa na mivukuto yake.

Mwishoni mwa mwaka 1947, wataalamu wa Marekani walitengeneza kifaa kidogo kilichoitwa transista. Kilifanya kazi ya valvu, lakini kwa umeme kidogo sana na joto kidogo. Mwaka 1971 kampuni ya Intel ilitoa kipande kimoja kidogo chenye transista 2,300 ndani yake. Kipande cha namna hii, kinachopiga hesabu zote za kompyuta, huitwa prosesa.

Hapa kwetu, kompyuta ya kwanza iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Baadaye marufuku hiyo iliondolewa, na leo kompyuta zimefika hata katika vyumba vya kulala vya vijana.

4. Moto mkubwa katika mahali padogo

Labda utauliza: kama transista haina joto kubwa, mbona kompyuta za leo zinachemka?

Jibu ni wingi. Transista moja haina joto la kutisha, lakini katika prosesa ya leo mna mabilioni ya transista, zimebanana katika kipande kisichozidi sana ukucha wa kidole gumba. Kila mara zinapofanya kazi hutumia umeme, na umeme wote unaoingia humo mwishowe hugeuka joto.

Kompyuta ndogo ya kampuni ya IBM ya mwaka 1981 haikuwa na feni juu ya prosesa yake. Haikuihitaji. Mwaka 1993 ilitoka prosesa iitwayo Pentium, nayo ilipata moto kiasi kwamba ilitiwa bamba la chuma lenye mapezi, na feni ya kuyapuliza mapezi hayo. Mashine kubwa za wataalamu zilikuwa na shida zaidi. Ile iliyoitwa Cray-2, ya mwaka 1985, vipande vyake vilizamishwa kabisa ndani ya kimiminika maalumu kisichopitisha umeme, ili joto lichukuliwe upesi.

Kwa miaka mingi mafundi walishindana kuongeza mwendo wa prosesa. Mwendo ukiongezeka, joto huongezeka. Wakati fulani moto ukaushinda upepo. Mwaka 2004 kampuni ya Intel iliacha kuendelea na prosesa moja mpya iliyokuwa ikitengenezwa, kwa sababu ya joto. Tangu hapo watengenezaji walishika njia nyingine. Badala ya kumkimbiza mfanyakazi mmoja mpaka azimie, wakaweka wafanyakazi wawili, kisha wanne, kisha wengi zaidi, ndani ya prosesa moja, kila mmoja akienda kwa mwendo wa kadiri.

Historia hiyo inatufundisha kwamba ziko njia mbili tu za kushusha joto. Ya kwanza ni kuliondoa joto upesi, kwa mfano kwa kuongeza upepo. Ya pili ni kupunguza moto. Hakuna ya tatu.

5. Kijana wa Sumbawanga na kompyuta yake

Michezo ya kompyuta hufanyisha prosesa kazi nzito kuliko kuandika barua. Prosesa ya michezo inaweza kutumia wati 65, na nyingine zaidi ya wati 200. Joto likikaribia nyuzi 95 au 100, prosesa hujipunguzia mwendo ili isiungue. Hapo mchezo huanza kukwamakwama. Joto likizidi bado, mashine hujizima. Kijana husema, "Kompyuta imekufa." Haijafa. Imekosa pumzi.

Mtu wa Ufipa anaweza kusema: "Sisi tuna baridi, hatuna shida ya joto." Maneno hayo yana ukweli nusu. Hewa ya Ufipa ni baridi, lakini pia ni nyepesi, kwa kuwa nchi iko juu. Dalili yake unaijua jikoni. Maji ya Sumbawanga huchemka kabla hayajafika nyuzi 100, karibu na nyuzi 94, na maharage huchelewa kuiva kuliko pwani. Feni inayosukuma vikapu sita vya hewa huko Dar es Salaam, Sumbawanga husukuma hewa yenye uzito wa vikapu vitano tu, ingawa inazunguka kwa mwendo uleule. Hewa kidogo hubeba joto kidogo.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme prosesa fulani pwani hupanda nyuzi 50 juu ya joto la chumba. Chumba kina nyuzi 32. Jumla ni 82. Kwa sababu ya wepesi wa hewa, tuseme Sumbawanga inapanda nyuzi 57. Usiku wa Julai chumba kina nyuzi 15. Jumla ni 72. Hapo umepata faida. Lakini mchana wa Oktoba, chumba kikiwa na nyuzi 27, jumla ni 84. Umewapita watu wa pwani! Kwa hiyo usiitegemee baridi peke yake.

Basi tufanye nini? Tuwafuate wazee wa ilungu, hatua kwa hatua.

Kwanza, tafuta mlango wa upepo. Sanduku la kompyuta ni fupi, halifiki hata mita moja. Joto lake la ndani halizidi sana joto la chumba. Kwa hiyo upepo wake wa asili ni dhaifu, nalo ni kama kintengwe: linahitaji mivukuto, yaani feni. Kwa kawaida feni za mbele huvuta hewa baridi iingie, na feni za nyuma na za juu huitoa hewa ya moto. Shika kipande chembamba cha karatasi mbele ya kila feni, uone kama kinavutwa au kinasukumwa. Feni moja ikigeuzwa vibaya, hewa ya moto huzunguka ndani na haina pa kutokea. Usinunue feni mpya kabla hujajua upepo unaingia wapi na kutoka wapi.

Pili, usizibe njia. Wengi wetu hupenda kuvifunika vyombo kwa vitambaa vizuri vya kufuma. Kitambaa kikifunika sanduku la kompyuta ni sawa na kuziba matundu ya ilungu. Wala usilisukumize sanduku ndani ya kabati au kulibana na ukuta. Liache nafasi ya shubiri moja nyuma yake, na uliinue kutoka sakafuni.

Tatu, ondoa vumbi. Wakati wa kiangazi vumbi huingia kila nyumba, na mahali penye moshi wa kuni vumbi hunata. Vumbi likijaa katikati ya mapezi, feni inazunguka bure. Zima mashine, chomoa waya kwenye umeme, lipeleke sanduku nje, kisha safisha kwa brashi laini na kikavu. Zuia feni kwa kidole isizunguke unapoisafisha. Usitumie kitambaa chenye maji. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Saa moja ya brashi huokoa gharama ya prosesa.

Nne, angalia mahali ambapo prosesa inagusana na bamba lake la chuma. Macho huona kwamba vimegusana kabisa, lakini katikati mna vijitundu vyenye hewa, na hewa iliyotulia haipitishi joto vizuri. Kwa hiyo hupakwa dawa nzito, ambayo mafundi huiita pesti, ili kuvijaza vijitundu hivyo. Baada ya miaka kadhaa inaweza kukauka. Ikikauka, ipanguswe yote, itiwe mpya. Kiasi cha mbegu moja ya harage dogo kinatosha. Ukitia nyingi hupati faida, na inaweza kumwagika mahali pasipotakiwa. Kama hujawahi kufanya kazi hii, ifanye pamoja na fundi, uangalie kwa macho yako.

Tano, punguza moto. Hapa ndipo watu wengi husahau. Kwenye mipangilio ya mchezo unaweza kuweka idadi ya picha kwa sekunde, kwa mfano 60, badala ya kuiacha mashine itoe picha nyingi kadiri iwezavyo. Katika kompyuta nyingi unaweza pia kuweka mpaka wa umeme unaotumiwa na prosesa. Njia hii haina gharama. Ni ileile waliyoifuata watengenezaji baada ya mwaka 2004.

Jambo moja la kukataza. Usiweke barafu juu ya sanduku, wala usiiweke kompyuta ndani ya friji. Chombo baridi kikikutana na hewa yenye unyevu hutoka jasho, kama chupa ya soda. Jasho hilo ni maji, na maji na umeme havikai nyumba moja.

Baada ya kila hatua, pima. Zipo programu zinazoonyesha joto la prosesa. Andika joto la kabla na joto la baada katika daftari, pamoja na tarehe. Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja, ndipo utajua lipi limesaidia. Hapo elimu yako ya kusoma na kuandika inafanya kazi ya fundi.

6. La kushika

Ndugu wanafunzi, wapo wanaosema kwamba mambo ya kompyuta ni ya vijana waliosoma sana, na kwamba sisi wa madarasa haya tuyaache. Historia ya Ufipa inawajibu. Watu wa uwanda huu waliongoza upepo na kupata nyuzi 1,200 bila mivukuto. Kijana akiongoza upepo ili prosesa ishuke kutoka nyuzi 95 hadi 75, anafuata kanuni ileile, ila nia yake ni nyingine: wazee walitaka joto likae, yeye anataka liondoke.

Majembe ya dukani yalipokuja, ujuzi wa malungu ulilala, kwa kuwa hapakuwa na haja ya kuufundisha. Safari hii tusikubali kuwa wanunuzi tu. Mtoto wako akifungua sanduku la kompyuta, keti naye. Muulize: "Upepo unaingia wapi? Unatoka wapi?" Kama hajui, mtafute jibu pamoja. Kama anajua, mwambie habari za ilungu, kwa maana huenda hajawahi kuzisikia.

Kwa herini, hadi somo lijalo.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini ilungu halikuhitaji mivukuto, lakini kintengwe kiliihitaji?
2. Sanduku la kompyuta linafanana na lipi kati ya hayo mawili? Eleza sababu.
3. Chumba kina nyuzi 24. Prosesa hupanda nyuzi 57 juu ya joto la chumba. Jumla ni ngapi?
4. Taja chombo kimoja nyumbani kwako kinachohitaji njia ya upepo. Je, njia hiyo iko wazi?
5. Ni ujuzi gani wa wazee wa kijiji chenu ambao haufundishwi tena? Nani bado anaujua?